Palm Springs: nyumba za juzi zilivyookolewa jangwani

Mwaka 2002, katika mji wa Rancho Mirage kwenye jangwa la kusini mwa California, nyumba iliyosanifiwa na Richard Neutra iliuzwa kwa dola milioni 2.45. Ilikuwa imejengwa mwaka 1962 kwa ajili ya familia ya Maslon. Mnunuzi aliomba kibali cha kubomoa, mji ukampa, na kabla mwezi haujaisha pale palibaki kifusi. Hakuna sheria iliyovunjwa. Hapakuwa na kanuni iliyomtaka karani wa vibali aulize kwanza nani aliichora nyumba hiyo, wala kama kuna nyingine ya namna yake.

Nimeanza na hasara hiyo kwa sababu inaeleza vizuri zaidi kuliko ushindi wowote kazi iliyofanywa katika mji jirani wa Palm Springs. Huko wakazi waliojikusanya kwa kujitolea walitambua mapema kwamba jengo halilindwi na uzuri wake. Linalindwa na jalada lililofika ofisini kabla ya tingatinga kuwashwa. Mafanikio yao mengi yalitoka kwenye majalada, risiti na mikutano ya jioni ya baraza la mji, na ndiyo maana yanafaa kuchambuliwa.

Palm Springs iko kiasi cha kilometa 170 mashariki ya Los Angeles, chini ya Mlima San Jacinto. Kiangazi joto hupita nyuzi 45 za Selsiasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili matajiri na wacheza filamu walipenda kwenda huko majira ya baridi, na wakawapa kazi wasanifu majengo waliokuwa tayari kujaribu mambo: Albert Frey, Mswisi aliyewahi kufanya kazi kwa msanifu Le Corbusier mjini Paris; E. Stewart Williams, William Cody, Donald Wexler, William Krisel. Kampuni ya ujenzi ya Alexander, baba na mwana, ilijenga zaidi ya nyumba 2,000 bondeni humo kati ya katikati ya miaka ya 1950 na katikati ya miaka ya 1960, nyingi zikiwa za watu wa kipato cha kati. Nyumba hizo ni za nguzo na boriti, paa lake ni bapa au limeinuka pande mbili kama mbawa za kipepeo, upenu umetokeza mbali ili kukinga kioo na jua, na kuta za matofali ya zege yenye matundu hupitisha upepo huku zikiuzuia mwanga.

Kisha fedha zikahama. Kuanzia miaka ya 1970 wawekezaji walivutwa na viwanja vya gofu vya miji ya chini zaidi bondeni, na Palm Springs ikadorora kwa miaka mingi. Ukata huo ulikuwa mhifadhi wa kwanza. Aliyekuwa na nyumba ya Krisel hakuwa na fedha za kuibomoa ajenge kubwa zaidi, kwa hiyo aliitia rangi, akaiongezea kiyoyozi juu ya paa, akaiacha. Fedha ziliporudi mwishoni mwa miaka ya 1990, hatari nayo ikarudi pamoja nazo.

Ugumu wa kwanza waliokutana nao wahifadhi ni umri. Mtu akisimama Mji Mkongwe wa Zanzibar hahitaji kushawishiwa kwamba yale ni mambo ya kale. Lakini ukimwambia diwani kwamba kituo cha mafuta cha mwaka 1965 ni urithi, atakumbuka kwamba yeye mwenyewe alijaza tangi hapo. Mwaka 1997 iliundwa taasisi ya Palm Springs Preservation Foundation. Miaka miwili baadaye, kundi jingine la wakazi likaanzisha Palm Springs Modern Committee, nalo lilizaliwa kwa sababu moja mahususi: kituo cha zimamoto kilichosanifiwa na Frey mwaka 1955 kilikuwa kinakabiliwa na kubomolewa. Ona walichochagua kupigania. Lilikuwa jengo la umma la kawaida kabisa, la kuegesha magari ya zimamoto, na halikuwa na hadithi ya mcheza filamu yeyote. Wakishinda hapo, hoja yao isingeweza tena kuitwa mapenzi ya matajiri kwa nyumba za matajiri. Kituo kiliokolewa.

Chombo chao kikuu kilikuwa orodha ya mji ya maeneo ya kihistoria, hasa daraja la kwanza. Jengo likiingia humo, mabadiliko ya sura yake ya nje lazima yapite kwenye bodi ya uhifadhi, na ombi la kulibomoa haliwezi kumalizwa na karani peke yake. Ili liingie, mtu anapaswa kuandika jalada: nani alisanifu, kibali cha ujenzi kilitolewa lini, nini kimebadilishwa na nini bado ni cha asili, kwa nini jengo hili na si la jirani. Ofisi za miji midogo hazina watafiti wa kutosha kwa kazi hiyo. Wahifadhi waliifanya wenyewe, jengo baada ya jengo, wakampelekea diwani kitu ambacho angeweza kukipigia kura bila kubahatisha. Naona hapo ndipo penye ufundi halisi wa siasa yao: walimpunguzia mwenye mamlaka kazi.

Nyumba za chuma za Wexler ni mfano mzuri. Mwaka 1962 kampuni ya Alexander ilijenga nyumba saba kwa mfumo ambao Wexler na mwenzake Richard Harrison waliubuni. Mbao jangwani hukauka, hupinda na kupasuka, na mchwa humalizia kilichobaki. Chuma chepesi hakina matatizo hayo. Sehemu ya kati ya nyumba, yenye jiko na vyoo, ilitengenezwa kiwandani, ikaletwa kwa lori na kuwekwa juu ya sakafu ya zege, kisha kuta na paa vikaunganishwa kuizunguka. Mpango ulikuwa wa nyumba 38, lakini bei ya chuma ilipanda na mradi ukakoma. Kufikia miaka ya 1990 baadhi zilikuwa zimefunikwa kwa nyongeza kiasi kwamba mpita njia asingejua kuna chuma ndani. Wanunuzi wachache walianza kuzivua nyongeza hizo mmoja mmoja, na mwaka 2001 baraza la mji likazitambua zote saba kuwa maeneo ya daraja la kwanza, zikiwa hazijatimiza hata miaka 40. Uamuzi huo ulionyesha kwamba umri mdogo si kizuizi.

Sheria inazuia kubomoa, lakini haikarabati. Kwa upande wa ukarabati, kipimo ambacho kila fundi wa bonde hilo anakirejea ni nyumba ya Kaufmann, ambayo Neutra aliimaliza mwaka 1946 kwa mfanyabiashara Edgar Kaufmann wa Pittsburgh, yule yule aliyejengewa nyumba ya juu ya maporomoko na Frank Lloyd Wright. Wanandoa walioinunua mwanzoni mwa miaka ya 1990 walilipa takriban dola milioni 1.5 kwa nyumba iliyokuwa imeongezwa kutoka kama mita za mraba 300 hadi karibu 470. Kibaraza chake kimoja kilikuwa kimezibwa kikawa chumba, na mitambo ya viyoyozi ilikuwa imeharibu mstari wa paa.

Kazi walipewa wasanifu wa Marmol Radziner, nao walianza na kutafuta ushahidi. Hawakuwa na michoro kamili. Walichimba kwenye hifadhi ya nyaraka za Neutra katika chuo kikuu cha UCLA, wakapata mengine Chuo Kikuu cha Columbia, na mpigapicha Julius Shulman, aliyeipiga picha nyumba hiyo mwaka 1947, akawafungulia picha ambazo hazijawahi kuchapishwa. Picha hizo zilifanya kazi ya rula: kutoka kwenye kivuli cha upenu unaweza kukadiria urefu wake, na kutoka kwenye maungio ya mawe unaweza kujua safu zilivyopangwa. Kisha wakatafuta vifaa. Mawe yaliyoharibika yalikuwa mchanga-mwamba wa Utah, na machimbo yalikuwa yamefungwa kwa muda mrefu. Yakafunguliwa tena ili jiwe jipya lilingane na la zamani. Ukingo wa bati unaozunguka paa ulikuwa na mikunjo ambayo hakuna aliyekuwa anaitengeneza tena, wakanunua mashine ya kuikunja. Viwanja vya jirani navyo vikanunuliwa ili jangwa lirudi kuizunguka nyumba kama Neutra alivyokusudia.

Huo ni ukarabati wa watu wenye uwezo mkubwa, na ingekuwa kosa kumwambia mwenye nyumba ya kawaida ya Alexander afungue machimbo. Lakini utaratibu wake unaweza kufuatwa na yeyote: kwanza picha na nyaraka, pili kuvua nyongeza, mwisho ndipo kununua vifaa. Wengi huanzia dukani.

Kwa nyumba ndogo tatizo gumu zaidi liko juu. Dari nyingi za nyumba hizo ni mbao zile zile zinazobeba paa, hakuna nafasi katikati ya kuweka kizuia joto. Ukitaka nyumba ipoe bila gharama kubwa ya umeme, kizuia joto lazima kiwekwe juu ya paa, na hapo ukingo wake unanenepa. Paa jembamba linaloonekana kama linaelea ndilo uso wa nyumba hizi. Likinenepa, nyumba imebadilika hata kama kila kitu kingine ni cha asili. Suluhisho ni kuinua kizuia joto katikati ya paa na kukipunguza taratibu kuelekea ukingoni, ili anayetazama kutoka barabarani auone mstari ule ule wa zamani. Kazi hiyo inahitaji fundi mvumilivu, na mtu anayejua kwa nini inafanywa.

Nani analipa? California ina sheria ya mwaka 1972, inayojulikana kama Mills Act, inayouruhusu mji kuingia mkataba na mwenye jengo la kihistoria. Mwenye jengo anaahidi kulitunza na kulikarabati kwa muda usiopungua miaka 10, mkataba unajiongeza kila mwaka, na yeye anapunguziwa kodi ya majengo. Palm Springs iliitumia vizuri. Kuna jambo moja ambalo waigaji huwa hawaoni: kwa mfumo wa kodi wa jimbo hilo, thamani ya kutozwa kodi hupanda hasa jengo linapouzwa. Kwa hiyo anayefaidika zaidi na mkataba ni aliyenunua karibuni kwa bei kubwa. Mzee aliyekaa nyumbani mwake tangu 1965 anapata punguzo dogo, pengine asipate kabisa. Sheria inamvuta mnunuzi mpya afanye ukarabati, na hilo ndilo lilihitajika, lakini haikuwa zawadi sawa kwa kila mtu.

Njia nyingine ilikuwa kulipatia jengo kazi mpya. Kituo cha mafuta cha Frey na Robson Chambers cha mwaka 1965, chenye paa lililopinda kuelekea angani kwenye lango la kaskazini la mji, kilinusurika kubomolewa, kikawa ukumbi wa sanaa, na tangu 2003 ni kituo cha kupokea wageni. Benki ya Santa Fe ya mwaka 1961, kazi ya E. Stewart Williams, iliingizwa kwenye orodha mwaka 2009, na mwaka 2014 ikafunguliwa kama tawi la usanifu la jumba la sanaa la mji. Chumba cha kuhifadhia fedha sasa ni duka. Mwaka 2006 likaanzishwa tamasha la Modernism Week, ambalo kila Februari huwafungulia wageni milango ya nyumba za watu kwa kiingilio. Mahudhurio yake yamepita 100,000 kwa mwaka. Mwenye hoteli ambaye zamani angeunga mkono ghorofa jipya, leo anajua wageni wake wanakuja kuangalia nini.

Mipaka ya kazi hii nayo isemwe wazi. Ardhi ya Palm Springs imegawanywa mithili ya ubao wa drafti: tangu ujenzi wa reli karne ya 19, kipande kimoja ni cha watu wa Agua Caliente wa kabila la Cahuilla na kinachofuata si chao. Orodha ya mji haina nguvu juu ya ardhi ya kabila. Mwaka 2014 jengo la bafu la hoteli ya Spa, lililosanifiwa na Cody, Wexler na wenzao, lilibomolewa na kabila hilo kwenye ardhi yake, juu ya chemchemi yake, na wahifadhi hawakuweza ila kuomba. Wengi walilia. Mimi naona watu walionyang'anywa mamlaka juu ya ardhi yao kwa karne nzima wana haki ya kuamua hata yale yanayotuuma.

Na katika kipande hicho hicho cha ardhi ya kabila, kinachoitwa Section 14, ndiko walikoishi Wamarekani Weusi, Walatino na wenyeji wa asili waliobeba zege na kupika katika hoteli za mji huo. Katika miaka ya 1950 na 1960, wakati wasanifu wakichora nyumba hizi za kioo, nyumba zao wao zilibomolewa na kuchomwa moto mji ukishiriki. Ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo iliandika ripoti kali mwaka 1968, lakini fidia haikufuata. Baraza la mji liliomba radhi rasmi mwaka 2021, na mwaka 2024 likakubali kulipa waathirika na warithi wao takriban dola milioni 5.9. Nyumba zao hazikuwa na msanifu wa kuandikwa kwenye jalada. Walichokuwa nacho ni kumbukumbu za familia, picha za moto na ile ripoti ya 1968, na kwa vitu hivyo waliijenga kesi yao.