Wino Mkononi mwa Mwanamke

Wahakiki wengi wameuhesabu Utendi wa Mwana Kupona kuwa ni utendi wa utii wa mke kwa mumewe. Werner na Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa jina la Kiingereza lenye maana ya mawaidha juu ya wajibu wa mke, na aghalabu wasomaji wameridhika na jina hilo. Hatukani kuwa utii umo, tena umo kwa wingi. Twasema tu kwamba si utii peke yake uliomo.

Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi huu mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Mwanzoni kabisa, kabla ya nasaha yoyote, amwita binti yake asogee na wino na karatasi. Mwishoni awahimiza wanawake wausome wapate kufahamu. Mawaidha yote yamekaa baina ya wito wa kuandika na wito wa kusoma.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka tukumbuke fikira za zamani. Katika pwani yetu binti kusoma Kurani hakukuwa aibu, bali sifa kwa wazazi wake. Kilichoogopwa ni kalamu. Wazee walisema kuwa mwari akijua kuandika ataandikiana barua na wanaume. Kusoma huleta neno ndani ya nyumba. Kuandika hulitoa nje, na nje ndiko alikokatazwa.

Ushahidi upo Unguja. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886 kuwa wasichana wa jumba la mfalme walifundishwa kusoma tu. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Alipogunduliwa alilaumiwa sana. Lakini mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua Majid, walewale wakubwa walimhitaji awaandikie barua zao. Kumbe kalamu yake ilikuwa aibu mpaka siku ilipowafaa wengine.

Hapa Tanga nako, shule ya serikali ya Wadachi ilifunguliwa katika miaka ya 1890 ili kutoa makarani na walimu, nao walikuwa wanaume. Hivyo chuoni na shuleni kalamu ilipita mkono mmoja. Ndiyo maana sisi wa Nguvumali, tunaojivunia kuwa jirani wa alikozaliwa Shaaban Robert, twaona fahari kuwa alipotaka kumuusia binti yake, karne moja hivi baada ya Mwana Kupona, aliuita utenzi wake Hati. Hati ni kitu cha kusomwa. Aliyepewa hati amedhaniwa msomaji.

Basi yafaa uhakiki wetu utende haki. Mwalimu anayeufundisha utendi huu darasani asianzie kwa mume na kuishia kwa mume. Aanze mahali alipoanza mtungaji mwenyewe: mama amekaa na binti yake, na wino uko tayari. Msichana anayesikia nasaha za utii tu hurithi nusu ya mali ya bibi yake. Nusu ya pili ni kalamu.