Kiti Kisichokaliwa

Mwaka 2006 kampuni ya samani ya IKEA, ya Sweden, ilitoa picha ya kiti kiitwacho Bertil. Hakuna kamera iliyokielekea kiti hicho, wala taa iliyokimulika. Taswira yote ilifinyangwa ndani ya kompyuta. Kufikia mwaka 2014, takriban robo tatu ya picha za bidhaa za kampuni hiyo zilikuwa za namna hiyo, na wasomaji wa katalogi hawakuzitambua.

Fani hii ina kanuni zake, kama ushairi ulivyo na zake. Mwaka 1980 Turner Whitted alionyesha jinsi ya kuifuata miale ya nuru kinyumenyume, kuanzia jichoni hadi kwenye kitu, na kutoka hapo hadi kwenye chanzo cha mwanga. Mwaka 1986 James Kajiya akaikusanya hesabu ya nuru katika mlinganyo mmoja. Kwa hesabu hiyo, programu hukokotoa hata jinsi zulia jekundu linavyoutia ukuta mweupe wekundu hafifu. Hivyo ndivyo vina na mizani vya fani hii.

Lakini mizani kutimia si shairi kukamilika. Mwaka 2009 yalitolewa malalamiko ndani ya IKEA kwamba picha za kompyuta ni mbaya mno. Zilipochunguzwa, zilizolaumiwa zilikuwa za kamera, na zile chache zilizosifiwa zilikuwa za kompyuta. Basi wapiga picha wakafundishwa kompyuta, na mafundi wa kompyuta wakafundishwa kamera. Somo lake ni wazi: kasoro haikuwa ya chombo, ilikuwa ya jicho.

Hata hivyo, kosa zito la fani hii si la umbo, bali ni la njeo. Mchoro wa kalamu wa msanifu majengo husema kwa -ta-: nyumba itakuwa hivi. Mistari yake hukiri kuwa ni mistari. Picha ya kamera husema kwa -li-: kitu kilikuwapo, na nuru ilikigusa. Taswira ya kompyuta huvaa -li-, ilhali habari yake yote ni ya -ta-, na pengine ni ya -nge-.

Kwa kiti, madhara ni madogo, kwani mnunuzi hukikuta dukani akakikalia. Kwa nyumba, mambo ni mengine. Mnunuzi huombwa fedha kabla msingi haujachimbwa, naye huonyeshwa baraza lenye jua la alasiri, mti uliokwisha kukomaa, na ukuta ambao chumvi haijauonja. Mkazi wa pwani anajua chokaa inavyobanduka na kuvu inavyopanda baada ya masika. Programu ina uwezo wa kuchora kutu, ukungu na nyufa. Muuzaji ndiye asiyeviagiza.

Mshairi naye hujenga majumba yasiyokuwapo, lakini hamtozi msikilizaji bei ya kiwanja. Ufundi huu unastahili sifa, na hauna haja ya kukatazwa. Unachodaiwa ni unyofu: chini ya kila picha ya nyumba iuzwayo liandikwe waziwazi neno "itakuwa", na kando yake iwekwe picha ya pili ya nyumba hiyohiyo, baada ya masika kumi.