Sadaka na Kusadiki: Hadithi za Sikukuu za Kiyahudi Darasani

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, mkiulizwa mtaje maudhui ya hadithi ya watoto yenye sikukuu ndani yake, kalamu hukimbilia maneno mawili: ukarimu na imani. Huandikwa, hupigiwa mstari, kisha jibu hufungwa. Maneno hayo si makosa, ila ni mepesi kama pumba mpaka msomaji aulize swali la kawaida kabisa la sokoni: aliyetoa alipungukiwa na nini? Katika makala haya nalipeleka swali hilo kwenye hadithi za sikukuu za Kiyahudi, kwa kuwa zile zilizo bora zimejengwa juu yake.

Huenda ukasema mambo haya yako mbali nasi. Ukivuka mpaka pale Malaba ukafika Mbale, utawakuta Abayudaya, jamii ya Uganda iliyoshika dini ya Kiyahudi mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu na iliyokatazwa ibada zake wakati wa Idi Amin katika miaka ya 1970. Sikukuu zenyewe tunazijua nusunusu. Pasaka tumeisoma katika kitabu cha Kutoka. Purimu imo katika kitabu cha Esta, ambamo (9:22) kuwapa maskini zawadi ni sehemu ya sherehe yenyewe, si hisani ya atakaye. Hanuka, ya usiku 8, hukumbuka kutakaswa kwa hekalu, na habari hiyo imo katika vitabu vya Wamakabayo vilivyomo katika Biblia ya Wakatoliki.

Chukua kwanza "Zlateh the Goat" ya Isaac Bashevis Singer, mzaliwa wa Poland aliyeandika kwa Kiyidishi na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Hadithi hii ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1966. Reuven, fundi wa mavazi ya manyoya, amekosa kazi kwa sababu baridi ya mwaka huo si kali. Hanuka inakaribia na nyumba haina kitu. Mchinjaji wa mjini ametaja bei ya mbuzi wao, gulden 8, na Aaron, mtoto wa miaka 12, anatumwa ampeleke. Njiani dhoruba ya theluji inawapoteza. Wanajichimbia ndani ya lundo la nyasi kavu, na kwa siku 3 mbuzi anakula nyasi, mtoto anakunywa maziwa yake na kuota joto la mwili wake.

Mwanafunzi wa Mwala au Masinga hahitaji kuelezwa kwamba mbuzi ndiye benki ya nyumba. Mvua ikikosa au karo ikidaiwa, huyo ndiye wa kwanza kufungwa kamba. Ukame wa Reuven ni uhaba wa baridi, basi.

Sasa rudi kwenye swali letu. Mtoaji mkuu hapa ni nani? Wapo watakaomtaja baba anayeihangaikia familia. Mimi nasema ni yule anayeuzwa. Zlateh anawapa maziwa na uhai watu waliokwisha kupanga kula sikukuu kwa bei ya shingo yake. Imani nayo ni yake: anamfuata Aaron bila shaka yoyote, kumbe njia yaelekea kwa mchinjaji. Hiki ni kinaya kikali kuliko vingi tunavyovifundisha, na Singer hakisemi popote. Mbuzi mwenyewe hana usemi ila mlio mmoja tu. Angalia pia tarakimu: bei ni 8, usiku wa sikukuu ni 8. Huu ni usomaji wangu, lakini naona kila usiku wa furaha umekatiwa gulden moja. Mwishoni, baridi ile ile iliyokaribia kumwua mtoto ndiyo inayomrudishia baba wateja. Wote wanakula chapati za viazi za Hanuka, Zlateh naye akipewa fungu lake. Baba haombi radhi. Nampongeza mwandishi kwa kumnyima hotuba hiyo.

Hadithi ya pili ni ya I. L. Peretz, ya mwaka 1900, kuhusu rabi wa Nemirov. Katika siku za toba kabla ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi, rabi hutoweka alfajiri na wafuasi wake husema amepaa mbinguni. Mlithuania mmoja, msomi asiyesadiki lolote, anajificha chini ya kitanda chake. Anamwona akivaa nguo za mkulima, akiingia msituni, akikata kuni na kumpelekea mwanamke maskini aliye mgonjwa. Mwanamke anasema hana pesa. Rabi hampi bure; anamkopesha. Kisha anamkaripia: mimi nakuamini wewe kwa mzigo wa kuni, nawe humwamini Mungu wako kwa senti chache? Anamwashia moto huku akinong'ona sala za toba.

Mbona amkopeshe? Jibu unalijua ukiwa umewahi kununua unga kwa deni dukani. Anayekopeshwa ni mtu anayeaminika. Anayepewa bure huhurumiwa, na huruma humshusha mtu. Hapa lugha yetu ina hazina tusiyoitumia. Sadaka na sadiki ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu, na neno la Kiebrania la sadaka, tzedakah, ni ndugu yao, lenye maana ya haki ndani yake. Imani, amini na amana nayo ni ukoo mmoja. Mtahiniwa anayeandika aya ya ukarimu kisha aya nyingine ya imani, pasipo daraja, ametenganisha kile ambacho rabi amekifunga mzigo mmoja. Linganisha na mwethya wetu Ukambani: huko kazi hufanywa mbele ya macho ya wote, na heshima ya anayesaidiwa hulindwa kwa kuwa kesho atamfanyia mwingine. Rabi huilinda kwa deni ambalo hatalidai kamwe.

Si zote zenye nguvu hii. Peretz huyo huyo ana hadithi ya Pasaka ambamo mfanya mazingaombwe huijaza meza ya mume na mke maskini, na baadaye hubainika ni nabii Eliya. Inapendeza kuisimulia, na ile hatua ya wenye njaa kwenda kwanza kumwuliza rabi kabla ya kuonja ni nzuri. Lakini chakula chenyewe hakikumpunguzia mtu yeyote chochote, kwa hiyo mjadala huisha mapema.

Ukiisimulia ya Zlateh darasani, simama pale mama yake Aaron anapofuta machozi bila kupinga. Uliza: angefanya nini? Wape muda. Wapo watakaojua bei ya mbuzi sokoni wiki hiyo, na hao ndio wa kuanza nao.