Machozi ya Mara ya Tatu

Kuna nyoka mdogo anayeishi udongoni, mkia wake umefanana na kichwa hata ukimfukua kwa jembe hujui anaelekea wapi. Waswahili walimwita ndumilakuwili, kisha jina hilohilo wakampa binadamu anayekuchekea huku akikuchimbia shimo. Kila nikilisikia neno hilo huwakumbuka dada wawili walioumbwa kwa Kilatini katika karne ya 2, na Mwafrika aliyewaumba: Apuleius wa Madauros, mji ambao magofu yake yako M'Daourouch, Algeria ya leo.

Kitabu chake ni Metamorphoses, ambacho wengi hukiita Punda wa Dhahabu. Kina sehemu 11, na ndiyo riwaya pekee ya Kilatini cha kale iliyotufikia ikiwa nzima. Katikati yake, ndani ya pango la majambazi, bibi kizee anamsimulia binti aliyetekwa hadithi ya kumliwaza. Palikuwa na mfalme na malkia na mabinti watatu. Wakubwa wawili walikuwa wazuri wa kusifika. Wa mwisho, Psyche, uzuri wake ulipita sifa, hata watu wakayaacha mahekalu ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi, wakaja kumtazama yeye. Wakubwa wakaolewa na wafalme. Psyche hakuposwa na mtu.

Baba alipokwenda kuuliza kwa mungu Apollo, akaambiwa ampeleke binti juu ya jabali, amevikwa kama bibi harusi na kuliliwa kama maiti, kwa sababu mumewe si mtu. Ni kiumbe mkali mfano wa nyoka. Akapelekwa. Lakini upepo wa magharibi ukambeba taratibu hadi bondeni, kwenye jumba la dhahabu ambalo watumishi wake ni sauti tupu. Usiku mume akaja gizani, na kabla ya alfajiri akaondoka. Sharti lake lilikuwa moja: usitafute kuuona uso wangu.

Hapo ndipo dada wanapoingia, na hapo ndipo ufundi unapoanza.

Msimulizi mwenye haraka angewaleta na kijicho tayari usoni, nasi tungewachukia tangu mlangoni. Apuleius anawaleta wakilia. Wamesikia habari za mdogo wao, wameacha majumba yao, wamekwenda kwa wazazi, kisha wamepanda hadi jabalini na kujipiga vifua wakimwita kwa jina, hata majabali yakarudisha vilio vyao. Hakuna neno linalotuambia kwamba wanaigiza. Wanamlilia mdogo wao kama ndugu yeyote angelia, na Psyche, aliyeshiba kila kitu ila sauti ya mtu anayemjua, hawezi kuvumilia. Mume anamkataza. Psyche analia kutwa nzima, anabembeleza, na mume anakubali huku akijua kitakachofuata. Upepo unawachukua dada na kuwashusha bondeni.

Weka machozi hayo akilini, kwa sababu mwandishi atayaleta tena mara mbili, na kila mara yatakuwa na maji yaleyale na chumvi nyingine.

Dada wanaogeshwa, wanalishwa, wanaonyeshwa hazina. Wanauliza: shemeji yetu ni nani? Psyche anajibu kwamba ni kijana, ndio kwanza ndevu zinamwota, na siku nyingi hushinda mawindoni. Kisha anawajaza dhahabu na vito na kuwaaga upesi, asije akateleza ulimi.

Njiani kurudi, Apuleius anafanya jambo ambalo kila mwandishi wa hadithi anapaswa kulisoma polepole. Anawaacha dada wazungumze peke yao. Mmoja anasema mumewe ni mkubwa kuliko baba yao, ana upara kuliko boga, mwili mdogo kama wa mtoto, na nyumba nzima ameifunga kwa makomeo na minyororo. Wa pili anasema wake amepindwa na ugonjwa wa viungo, vidole vimekakamaa kama mawe, na yeye kazi yake ni kumsugua kwa dawa zinazonuka hadi mikono yake imeharibika. Hajawa mke, amekuwa mganga. Unasoma na kwa muda mfupi unawahurumia. Hawa ni wanawake waliogawiwa waume kama mizigo, kisha wakaona mdogo wao akikanyaga dhahabu na kuamrisha upepo. Wivu wao una mzizi tunaoujua, na kwa kuwa tunaujua, unatutisha zaidi. Wanakubaliana kuzificha zawadi, kisha wanaingia kwa wazazi na kuanza kulia upya, wakikitonesha kidonda kilichoanza kukauka. Hayo ndiyo machozi ya pili. Yanafanana na ya kwanza kwa kila kitu ila moyo.

Tangu hapo sisi tunaziona sura zote mbili, na Psyche anaona moja. Siri ya hadithi hii imekaa hapo. Mwandishi hakutuficha kitu ili aje atushtue mwishoni. Ametupa yote, kisha akatuacha tumtazame binti akiwakimbilia dada zake mikono wazi.

Safari ya pili wanamkuta ana mimba. Wanamsifu tumbo, wanasema mtoto akifuata uzuri wa wazazi wake, hakika atazaliwa Cupid, mungu wa mapenzi. Nimerudia mahali hapo mara nyingi na bado pananisisimua, maana mume wa gizani ni Cupid mwenyewe. Wanasema uongo wa kubembeleza na ndimi zao zinagonga kweli wasiyoijua. Kisha wanarudia swali lao, kana kwamba ni mazungumzo tu: hivi shemeji ni mtu wa namna gani? Psyche amesahau alichosema mwanzo. Anajibu kwamba ni mfanyabiashara wa makamo, mwenye mvi mbili tatu. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, na hapa anayenaswa kwenye njia hiyo ni asiye na hatia. Usiku dada wanapiga hesabu: ama ametudanganya, ama hajawahi kumwona mumewe. Na kama hajamwona, basi ameolewa na mungu.

Asubuhi wanarudi mbio. Wanayafinya macho hadi machozi yanatoka. Ndiyo machozi ya mara ya tatu, na Apuleius anatuonyesha yakikamuliwa. Wewe umekaa raha hapa, wanasema, nasi hatulali kwa ajili yako. Mumeo ni joka. Wakulima na wawindaji wamemwona jioni akivuka mto akitoka malishoni. Anakunenepesha, na mimba ikikomaa atakumeza. Chagua: kuja kuishi nasi, au kuzikwa tumboni mwa mnyama. Na ukipenda kubaki, sisi wajibu wetu wa udugu tumeutimiza.

Tazama uongo huo ulivyofumwa. Joka hawakulibuni wao. Alilisema Apollo, na Psyche alilijua hilo. Hofu waliyoiamsha ilikuwa ndani yake siku zote. Ile sentensi ya mwisho, ya wajibu uliotimizwa, ndiyo sumu yenyewe, kwa sababu anayekulazimisha unaweza kumkatalia, lakini anayekuachia uamue huku machozi yakimtiririka hukufunga kwa shukrani. Psyche anakiri yote. Wanamwambia anoe wembe vizuri na kuuficha upande wa kitanda anakolala yeye; aijaze taa mafuta na kuifunika kwa chungu; joka likisinzia, ainue taa na kukata. Sisi tutakuwa tunakungoja, wanasema, tukuchukue na mali yako yote, tukuoze kwa mwanadamu mwenzako. Kisha, neno likiwa bado mdomoni, wanatoroka wakihofia hata kuwa karibu na mahali pale, wanapanda merikebu na kwenda zao. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini hawa walikuwa tayari kumla mdogo wao akaisha.

Tunajua lililotokea. Taa ilipoinuliwa, kitandani hapakuwa na joka. Tone la mafuta ya moto likamwangukia Cupid begani, akaruka na kumwacha.

Jambo moja nililigundua baada ya kusoma mara kadhaa: dada hawa hawana majina. Psyche analo, Venus analo, hata upepo unalo. Hata pale Psyche anapowalipiza, akimwambia kila mmoja kwa wakati wake kwamba Cupid amemfukuza na kutaka kumwoa dada yake, anasema tu kwamba alilitaja jina lako. Jina lenyewe halitamkwi. Dada hawa ni kiumbe kimoja chenye vinywa viwili, na nyoka waliyemtishia mdogo wao kumbe ni wao wenyewe. Dada wa kwanza anamdanganya mumewe kwamba wazazi wamekufa, anakimbilia jabalini, na ingawa unavuma upepo mwingine, anajirusha akiamini atabebwa. Anapasuka juu ya mawe. Kisha wa pili, vivyo hivyo. Wamekufa kwa silaha yao: habari iliyo kweli nusu, iliyosemwa na ndugu.

Waliokuja baadaye waliujua uzito wa urithi huu. Katika hadithi ya Mrembo na Mnyama iliyochapishwa London, kwa Kifaransa, mwaka 1756, Madame de Beaumont aliwapa dada wabaya vitunguu vya kujisugulia macho. Mwaka 1956, mwandishi C. S. Lewis alimpa dada mkubwa jina, Orual, na kitabu kizima cha kujieleza. Orual alimpenda Psyche kweli, na kwa upendo huohuo akamharibia. Naamini Lewis aliona kilichomo kwenye machozi ya kwanza pale jabalini.

Kwangu, ustadi wote umejengwa juu ya machozi hayo. Psyche hakuwa mjinga. Aliwaamini dada zake kwa kuwa aliwahi kuzisikia sauti zao zikimlilia kwa dhati, na sauti ikiwa imelia kwa dhati mara moja, sikio la ndugu halitafuti tena tofauti. Hilo linamkuta yeyote mwenye ndugu. Ndiyo maana kila nifikapo kwenye chungu kinachofunika taa, nikijua fika kwamba kitafunuliwa, bado natamani kuunyoosha mkono ndani ya ukurasa nimshike kiganja: mdogo wangu, ngoja kwanza.