Padri asiye na jina na Bwana Querry

Kila mwandishi ana watu wake ambao hawakuzaliwa na mwanamuke. Wengine aliwakuta katika vitabu vya wenzake, wengine aliwatunga yeye mwenyewe, nao wanakaa naye mezani kupita ndugu zake. Sisi wasomaji tumezoea kuuliza ginsi mwandishi alivyomutunga mutu wake. Ulizo la kinyume tunalisahau: mutu huyu wa hadisi amemutendea mwandishi wake nini? Tunapenda kulifuata ulizo hili kwa mwandishi mumoja ambaye seminari zetu zinamujua, Graham Greene, Muingereza (1904-1991), aliyeingia katika Kanisa Katoliki mwaka 1926. Tutawaweka wanaume wake wawili mbele yetu. Mumoja ni padri. Mwingine ni mutu asiyesadiki tena, na Greene alikuja kumutafuta hapa kwetu Kongo.

Katika mwaka 1938 Greene alisafiri katika Meksiko, akafika Tabasco na Chiapas. Katika Tabasco makanisa yalikuwa yamebomolewa, mapadri wamefukuzwa ao wameuawa. Huko akasikia habari ya padri mumoja mulevi, ambaye siku moja alibatiza mutoto mwanaume akamupa jina la mwanamuke, kwa kuwa pombe ilimuzungusha kichwa. Ni neno dogo la kuchekesha, kama yale watu wanayosimulia juu ya jirani. Mwandishi mwingine angeliacha njiani. Greene akalibeba, na katika 1940 kikatoka kitabu ambacho sisi tunakisoma kwa Kifaransa, La Puissance et la Gloire. Padri wake hana jina hata ukurasa wa mwisho. Anakunywa, amezaa mutoto, anaogopa kufa. Amekwisha kuvuka mupaka na kufika mahali pa salama, halafu anaitwa arudi kumuungamisha muuaji anayekufa. Anajua kwamba anategwa. Anakwenda.

Kuna jambo ambalo wasomaji wa haraka wanalipita. Ndani ya kitabu hicho kuna kitabu kingine. Mama mumoja anawasomea watoto wake hadisi ya kijana Juan, mushahidi wa imani, safi tangu utoto, asiyekosa neno la kujibu, asiyeogopa bunduki. Mutoto wake Luis anachoka kusikiliza. Anapendelea kutazama bastola ya luteni wa polisi. Lakini kisha padri mulevi kuuawa, padri mwingine anagonga mulango usiku, na Luis ndiye anayemufungulia na kumubusu mukono. Juan hakuwa na nguvu ya kumufikisha hapo. Greene anapiga vita na vitabu vyetu vya ibada, na tukubali kwamba ana haki. Ni akina Juan wangapi tumewaona kwenye michezo ya sikukuu ya parokia, wamesimama wima na kujibu kama katekismu?

Si wote waliopendezwa. Katika 1953 Ofisi Takatifu ya Roma ilikilaumu kitabu hiki bila kutangaza, na Kardinali Griffin wa Westminster akampasha Greene habari. Greene hakubadili kitu. Katika 1965 Papa Paulo VI alimupokea, akamwambia kwamba amekisoma, na kwamba mambo fulani ya vitabu vyake yatawachukiza Wakatoliki wengine siku zote, asihangaike nayo.

Sasa tuje kwetu. Mwanzoni mwa 1959 Greene alishuka Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, na kutoka pale akaenda Yonda, kijiji cha wenye ukoma karibu na Coquilhatville, leo Mbandaka. Munganga Michel Lechat alifanya kazi huko pamoja na mapadri wa Moyo Mutakatifu. Greene aliandika daftari ya siku zake, ikachapwa katika 1961, na jina lake halifichi kitu: ni daftari ya mwandishi anayetafuta mutu wa hadisi. Wakati wa kupanda ndege alijua neno moja tu juu ya kitabu chake: kwamba mutu fulani anatokea mahali. Mugeni huyo akawa Querry, wa kitabu A Burnt-Out Case (1961), ambacho kwa Kifaransa kinaitwa La Saison des pluies.

Querry ni mufundi mashuhuri wa kuchora makanisa. Amechoka na sifa, amechoka na wanawake, hasadiki tena, wala hateseki kwa kutosadiki. Mwenye ukoma ambaye ugonjwa umekwisha kula vidole vyake, halafu ukatoka mwilini, waganga wa kitabu hicho wanamwita mutu aliyeungua hata mwisho. Querry ni vile katika roho. Naye hapewi nafasi ya kukaa kimya. Rycker, bwana wa kiwanda cha mafuta ya ngazi, aliyesoma zamani kwa Wayezuiti, anataka kwa nguvu Querry awe mutakatifu. Parkinson, mwandishi wa magazeti, anawauzia watu wa Ulaya hadisi ya mutawa wa porini. Na Padri Thomas anaona katika ukavu wa Querry ule usiku wa roho wa watu wa sala. Mafratri wasome kurasa za Padri Thomas mara mbili, polepole. Kuna kiongozi wa roho hapo anayesikia tu kile alichokuja kusikia.

Sasa ulizo letu. Katika 1980 Greene aliandika kwamba hakuna kitabu kilichomulemea kama hiki: musomaji anavumilia kukaa na Querry saa chache, lakini yeye alikaa naye, na ndani yake, miezi 18. Rafiki yake Evelyn Waugh, Mukatoliki na mwandishi kama yeye, aliona katika Querry tangazo la kuacha imani. Greene alimujibu kwa barua kwamba mwandishi asichanganywe na mutu wake. Sisi tunafikiri kila mumoja alisema nusu. Padri wa Meksiko alitoka inje. Greene alimupokea kinywani mwa watu, akapaswa kumufuata katika njia ambazo yeye mwenyewe hakuzipita, na katika kumufuata akajifunza. Querry alikwisha kuwa ndani ya mizigo ya Greene kabla ndege haijashuka. Yonda ilimupa nyumba tu. Alama yake iko katika maneno yao. Padri anaposema juu yake mwenyewe, anasema kwa ufupi na kwa haya. Querry anajieleza. Anamusimulia Marie, muke wa Rycker, hadisi ya sonara wa mufalme, kurasa na kurasa, na kila mutu anaona kwamba sonara ni Querry. Hapo mwandishi hana tena anayemufundisha, anajisikiliza.

Tuongeze neno kwa wale wanaojaribu kuandika. Mulevi naye amekuwa sanamu. Tumesoma maandiko ambamo padri anakunywa tangu ukurasa wa kwanza, kusudi mwandishi aonekane jasiri. Huyo ni Juan aliyepewa chupa.

Mutu wa nchi yetu alipita njia nyingine. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi katika 1941 na kufariki katika 2025, alikuwa kwanza mutawa Mubenedikto katika Rwanda. Katika 1973 alitoa Entre les eaux, hadisi ya Pierre Landu, padri aliyesoma Roma na kuingia porini pamoja na waasi. Landu anajieleza kama Querry, mara nyingine hata kuchosha. Lakini anauliza anamusaliti nani, na Querry hana tena wa kumusaliti. Kwa sababu hiyo tunamuweka Landu karibu na yule wa Meksiko.

Lakini katika kitabu cha Greene cha Kongo, mwanaume tunayemupenda si Querry. Ni Deo Gratias, mutumishi wake, asiye na vidole. Usiku mumoja anapotea porini akitafuta Pendélé, mahali pa furaha ya zamani. Querry anamufuata, anamukuta amekwama katika matope, anakaa naye hata asubuhi. Ni kurasa bora za kitabu chote. Greene hamufanyi Deo Gratias aseme mengi, labda kwa heshima, maana hakuwa na lugha yake. Pendélé ni nini hasa, haelezi. Mwandishi aliyezaliwa kando ya muto angeweza kuanzia pale. Mwishoni Rycker anamuua Querry kwa bastola, kwa sababu ya uongo wa Marie, na wanaobaki wanabishana kama Querry alisadiki ao hapana. Deo Gratias habishani. Ameweka kaburini chupa ya zamani ya konfitiri, na ndani yake vijiti na majani yaliyosukwa.