Saini safi juu ya barua mbaya

Ndugu na dada tuliomaliza pamoja, leo naomba nikosoe kazi yetu wenyewe, sisi mafundi wa kompyuta wa Bunia.

Tangu mwezi wa pili wa 2024, Google na Yahoo wanadai kila anayewatumia barua pepe awe na SPF, yaani orodha ya mashine zenye ruhusa, au DKIM, yaani saini. Anayetuma 5,000 na zaidi kwa siku anatakiwa zote mbili, pamoja na DMARC. Basi wakubwa wa ofisi wanatuita: "Fundi, kuya utuwekee ile saini, barua zetu zinaangukaka mu spamu."

Na sisi tunaweka. Ufunguo wa siri unabaki ndani ya seva, ule wa wazi unaenda kwenye DNS. Tunatuma barua moja ya kujaribu, tunaona "dkim=pass", tunachukua pesa ya transport, tunarudi nyumbani.

Kosa letu liko hapo. Saini haisemi kama barua ni nzuri. Inasema tu imetoka kwa nani, na kwamba haikubadilishwa njiani. Na miongozo mingi tunayotumiana inachuja barua zinazoingia tu. Mwenye nenosiri la ndani anapita bila kuulizwa kitu.

Niliona matokeo yake katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Seva niliiweka mimi mwenyewe. Nenosiri la mfanyakazi mmoja liliibiwa, na usiku mmoja tu zikatoka barua maelfu za utapeli, kila moja na saini yetu. Asubuhi anwani ya seva ilikuwa kwenye orodha nyeusi. Ripoti juu ya wakimbizi wa ndani, iliyokuwa inangojewa Kinshasa, ilikataliwa. Tuliituma kwa simu, picha ukurasa kwa ukurasa.

Katika ofisi zetu sekretari anasoma barua kwanza, kisha mkubwa anatia saini na muhuri. Nani anapigaka muhuri juu ya karatasi ambayo hajasoma? Sisi tumefundisha mashine kufanya hivyo.

Utaratibu ni huu: Postfix inapokea, Amavis inachuja kwa msaada wa SpamAssassin na ClamAV, saini inakuja mwisho. Mukigeuza, chujio likiongeza hata mstari mmoja chini ya barua, saini inavunjika. Amavis yenyewe inaweza kuchuja na kutia saini. Halafu wekeni kipimo: mtu mmoja atume barua ngapi kwa saa.

Najua mutasema ClamAV inakula zaidi ya gigabaiti 1 ya memori, na mashine zetu ni za zamani. Ni kweli. Basi muiache, lakini kipimo hakiombi memori kubwa. Hicho peke yake kingepunguza sana hasara ya usiku ule.

Ofisi ile ilinilipa kwa ajili ya saini, na saini ilifanya kazi. Hiyo ndiyo inaniuma. Wenzangu, mkubwa akisema "weka saini", mumuulize kwanza: nani anasoma?