Jicho la Punda

Kiangazi kikikaza huku Machakos, njia za Yatta na Masinga hujaa punda wa maji: mitungi minne ya lita 20, miwili kila ubavu, na mtoto nyuma ameshika kijiti. Nimekua nikifuata mikia hiyo. Ndiyo maana filamu ya Mfaransa Robert Bresson, Au hasard Balthazar ya mwaka 1966, ilininasa kabla hata haijaanza: piano ya Schubert inapigwa, punda anaikatiza kwa sauti ile ile ya kukwaruza ninayoijua, kisha piano inaendelea.

Kisa ni cha watu. Marie, aliyempenda punda wake tangu utotoni, anaangukia mikononi mwa Gérard, kijana katili. Baba yake Marie anafilisiwa na kiburi. Balthazar, punda huyo, anapita kwa bwana huyu na yule, kwa mlevi, kwa bahili, na mbele yake hakuna anayejisumbua kujificha.

Ngano zetu zimejaa wanyama wasemao. Bresson alimnyima punda maneno, akamnyima hata mbwembwe. Anakuonyesha tendo la mtu, halafu jicho jeusi, halafu kimya. Mengine unayamaliza mwenyewe. Tazama pale kwenye sarakasi. Balthazar anavuta mkokoteni mbele ya vizimba, anasimama kwa simbamarara, kwa dubu mweupe, kwa sokwe, kwa tembo. Macho kwa macho, basi. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi na bado sijui waliambiana nini, wala sitaki kuambiwa.

Watu nao hakuwaachia waigize. Alichagua wasio waigizaji, akawakaririsha maneno hadi madoido yakawatoka, ndipo uso wa Marie ukawa kama uso wa punda: unausoma kwa kuukodolea macho tu. Mwaka 2022 mwongozaji Jerzy Skolimowski, aliyeipenda sana filamu hii, alitoa filamu yake ya punda, EO. Ni nzuri, ila kamera yake inamsemea punda mno.

Balthazar anapigwa risasi akiwa amebeba magendo ya watu wengine. Anajilaza malishoni, kondoo wanamzunguka na kengele zao, na anafia hapo.

Aliye na projekta na ukuta mweupe hapa mjini atuonyeshe. Waliowahi kufuata punda wa maji hawatahitaji mkalimani.